Nyanya Anasahau, Babu Anatetemeka: Somo Juu ya Magonjwa ya Ubongo kwa Wanawake na Wanaume



 Tukiwatembelea, mengi mnayotuuliza ni juu ya mbuzi wa maziwa, tangi la maji na marejesho ya mikopo. Lakini kuna swali lingine ambalo haliulizwi mbele ya mkutano. Mtu hungoja watu watawanyike, kisha anatuvuta kando na kusema polepole: "Mzee wetu amebadilika. Watu wanaongea. Tufanye nini?"

Somo hili ni la swali hilo. Lina mikutano miwili ndani yake, msiharakishe. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mkifika kwenye maswali msimame. Tungependa wanaume nao wahudhurie. Msiwaachie akina mama peke yao ati kwa sababu ni mambo ya wagonjwa. Mtaona mbele kwa nini tunasema hivyo.

HADITHI YA MABOMA MAWILI

Hadithi hii tumeitunga ili tujifunze, lakini mambo yake hutokea.

Katika boma la kwanza kuna nyanya wa miaka 74. Alikuwa akiuza mboga sokoni, na madeni ya wateja wote aliyaweka kichwani bila daftari. Sasa anatia chumvi mara mbili kwenye sufuria. Anauliza swali moja mara tano kabla ya chai kwisha. Wiki iliyopita alipotea njia akitoka sokoni, njia ambayo ameipita miaka 50. Juzi alimwambia mkaza mwanawe: "Wewe ndiwe umeniibia pesa zangu." Pesa zilipatikana ndani ya debe la unga, alikozificha mwenyewe.

Mkaza mwana alilia, akamwambia mumewe, "Baba watoto, mimi nimechoka." Mume akajibu, "Huyo ni mama yangu, vumilia." Kisha akaenda zake. Mwishowe msichana wao wa kwanza akaambiwa abaki nyumbani kumlinda nyanya. Muhula huu hajaenda shule.

Katika boma la pili kuna babu wa miaka 66. Alipiga dawa kwenye nyanya na kahawa kwa miaka 30, pampu mgongoni, bila glavu. Mkono wake wa kulia hutetemeka akiwa amekaa tu. Anatembea hatua fupifupi, sauti imekuwa ndogo, na uso wake haucheki. Pale kituoni vijana husema, "Mzee amezidisha chang'aa." Yeye hanywi. Mkewe ndiye humfunga vifungo vya shati, humlisha na kumwinua usiku. Naye ana miaka 63 na mgongo unamuuma.

Simameni hapa. Ulizaneni: Je, tunaijua nyumba kama hizi? Watu husemaje juu yao?

NI MAGONJWA GANI HAYA?

Ubongo umejengwa kwa seli nyingi sana zinazopelekeana habari. Kuna magonjwa ambayo huua seli hizo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Hayaambukizi, na si laana.

La kwanza ni ugonjwa wa Alzheimer. Ndio unaoleta sehemu kubwa ya demensia, yaani hali ya kupotewa na kumbukumbu na fahamu hadi mtu anashindwa kujiendesha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo tusidanganyane ati ni ugonjwa wa wazungu.

Jina la ugonjwa lilitokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, aliletewa mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter. Mama huyo alikuwa amesahau mambo ya kawaida, alificha vitu vya nyumbani, na alimshuku mumewe bila sababu. Alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta umesinyaa na umejaa mabaki ya protini yasiyotakiwa kuwa pale. Sasa mkumbuke yule nyanya wetu na debe la unga. Kuficha pesa na kumshuku mkaza mwana si ubaya wa roho. Ni ugonjwa, na umejulikana kwa zaidi ya miaka 100.

La pili ni ugonjwa wa Parkinson. Huu huua seli zinazotengeneza dopamini, kitu ambacho ubongo hutumia kuongoza mwendo wa mwili. Dalili zake ni mkono kutetemeka ukiwa umepumzika, mwili kukakamaa, kuwa mzito wa kuanza kutembea, na sauti kufifia. Mara nyingi huanzia upande mmoja. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa, au kufunga choo, miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Mwaka 2019 wagonjwa walikuwa zaidi ya milioni 8.5 duniani. Daktari James Parkinson wa Uingereza aliueleza mwaka 1817, akiandika juu ya wagonjwa sita. Wote sita walikuwa wanaume, na wa kwanza alikuwa mtunza bustani.

UGONJWA HAUGAWI SAWA

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Nchini Marekani, ambako hesabu imefanywa kwa muda mrefu, karibu wagonjwa wawili kati ya watatu wa Alzheimer ni wanawake. Kwa Parkinson ni kinyume. Penye wanawake wawili wanaougua, wanaume huwa kama watatu. Kwa nini?

Kuna sababu za namna mbili, na tukizichanganya tutapotea. Nyingine ni za maumbile, yaani vile mwili wa mwanamke na wa mwanamume ulivyoumbwa. Nyingine ni za desturi, yaani vile sisi wenyewe tumegawana kazi, shule, jikoni na pesa. Za maumbile hatuwezi kuzibadilisha. Za desturi tunaweza, kwa maana ni sisi tulioziweka.

Sababu za maumbile

Kwanza, akina mama huishi miaka mingi kuliko wanaume, na hatari ya demensia huongezeka upesi baada ya miaka 65. Wakiwa wengi zaidi katika uzee, wagonjwa pia watakuwa wengi zaidi. Hata hivyo wataalamu wengi wanaona kwamba umri peke yake hauelezi yote.

Pili, kuna homoni ya estrojeni. Inasaidia seli za ubongo kutumia chakula chake, na mama akikoma hedhi inapungua sana. Inadhaniwa pia kwamba ndiyo inawakinga akina mama na Parkinson kwa kiasi fulani. Lakini msikimbilie kununua vidonge vya homoni. Mwaka 2003 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba akina mama walioanza kumeza mchanganyiko wa homoni baada ya miaka 65 walipata demensia mara mbili zaidi ya wale ambao hawakumeza.

Tatu, iko chembe ya urithi inayozidisha hatari ya Alzheimer, na kati ya miaka 65 na 75 inawaumiza wanawake zaidi kuliko wanaume.

Nne, na hii ni ya kushangaza: wanawake kwa kawaida hukumbuka maneno vizuri kuliko wanaume. Ni jambo jema, lakini huficha ugonjwa. Mama anajibu maswali ya daktari vizuri, anaambiwa "uko sawa, ni uzee tu", na kumbe ubongo umeshaanza kuharibika. Kwa hiyo tusingoje mpaka ashindwe kuongea. Tuangalie kazi zake. Je, anahesabu chenji kama zamani? Anamaliza kupika chakula alichokizoea?

Kwa Parkinson pia ziko tofauti. Akina mama huanza kuugua wakiwa wamezidi umri wa wanaume kidogo, kama miaka miwili, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kutetemeka. Kuna dawa inayoitwa levodopa, ambayo husaidia sana. Lakini kwa kuwa akina mama wengi wana uzito mdogo, kipimo kile kile kinaweza kuwaletea mwili kujinyonganyonga wenyewe. Mama akiona hivyo arudi kwa daktari apunguziwe. Asiiache dawa ghafla, hiyo ni hatari.

Sababu za desturi

Hapa ndipo panapotuuma, lakini ndipo penye tumaini pia.

Shule. Mtoto anayesoma huujenga ubongo wake kama mtu anayeweka akiba. Ugonjwa ukija uzeeni, mwenye akiba huchelewa kufilisika. Mama mwenye miaka 74 leo alikuwa msichana mdogo miaka ya 1950. Nani alipelekwa shule wakati huo? Kaka yake. Yeye alichota maji na kubeba mtoto. Karo ya darasa la kwanza hadi la nne iliondolewa mwaka 1974, na shule ya msingi ikawa bila karo tena mwaka 2003. Yeye alikuwa ameshapitwa. Basi sehemu ya ugonjwa wake wa leo ilipandwa siku ile aliyoambiwa abaki nyumbani. Na leo mjukuu wake ameambiwa abaki nyumbani kumtunza. Fikirini juu ya hilo.

Moshi. Hewa chafu imo katika orodha ya mambo yanayoharibu ubongo. Ni nani anayekaa jikoni penye kuni na mafiga matatu asubuhi na jioni?

Dawa za shamba. Kupiga dawa kumekuwa kazi ya wanaume zaidi. Parakwati, dawa ya kuua magugu, imehusishwa na Parkinson katika chunguzi nyingi, na katika Jumuiya ya Ulaya imepigwa marufuku tangu mwaka 2007. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa iliiweka Parkinson katika orodha ya magonjwa ya kazi kwa watu wa mashamba waliotumia dawa hizo kwa miaka mingi. Lakini mama anayefua ile ovaroli iliyolowa dawa, naye amegusa sumu.

Pombe, sigara na kuumia kichwa. Haya huwapata wanaume zaidi. Kijana wa bodaboda anayeendesha bila helmeti anahatarisha leo yake, na uzee wake pia.

Simameni hapa kwa mkutano wa kwanza. Akina mama wakae upande mmoja, wanaume upande mwingine. Kila upande utaje kazi tatu zinazouumiza mwili wake, kisha mrudi pamoja mwelezane.

NANI ANAYEMTUNZA MGONJWA?

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya kila saa 100 za kuwatunza watu wenye demensia, wanawake hufanya saa 70. Ni mke, binti au mkaza mwana. Halipwi, na hakuna anayemwandikia mahudhurio.

Tofauti huonekana hivi. Mwanamume akiugua, mara nyingi ana mke wa kumtunza. Mama akiugua, mara nyingi ameshakuwa mjane, au mumewe hajawahi kushika sufuria. Kwa hiyo yule aliyetunza wote hubaki bila wa kumtunza. Akina mama pia huchelewa kufika hospitalini. Anasema ni baridi yabisi, ni uchovu, nauli ipelekwe kwa mtoto kwanza.

Tena kuna hasara ya kikundi. Mkaza mwana anayelinda mgonjwa usiku na mchana haji mkutanoni. Anakosa mchango, anapigwa faini, halafu anafutwa. Tumeviona vikundi vikimfuta mwanachama wakati ule ule alipowahitaji. Je, hiyo ndiyo maana ya kujisaidia?

SI UCHAWI

Neno hili tunalisema wazi, kwa maana watu wanakufa. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi. Huko Kilifi wazee wa kiume pia wameuawa kwa shutuma kama hizo, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna ugomvi wa shamba.

Hatusemi kwamba wazee hao walikuwa wagonjwa. Tunasema hivi: mzee mwenye demensia hutembea usiku, huongea peke yake, huingia boma la jirani akidhani ni kwake, hata huvua nguo. Akikutwa na watu wasiojua, maisha yake yamo hatarini. Mkisikia minong'ono, msingoje ikue. Mweleze chifu na mzee wa mtaa mapema kwamba huyu ni mgonjwa. Waambieni majirani, na waalimu wawaeleze watoto. Mficha maradhi kilio humfichua.

TUFANYE NINI?

1. Mpelekeni akapimwe. Si kila kusahau ni Alzheimer. Malaria au maambukizi ya mkojo, hasa kwa mzee aliyechanganyikiwa ghafla, huzuni kubwa, tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12, na virusi vya Ukimwi vinaweza kuleta dalili kama hizo, na vina matibabu. Dawa nyingine za kutuliza wagonjwa wa akili huleta kutetemeka kama Parkinson. Bebeni dawa zote anazomeza, hata za miti shamba, mkamwonyeshe daktari. Aende na mtu anayeishi naye, aeleze yale mgonjwa amesahau.

2. Pimeni presha na sukari, hasa mkiwa na miaka 40 hadi 65. Wahudumu wa afya ya jamii wana mashine hizo kwenye mikoba yao. Mwaka 2024 wataalamu walitaja mambo 14 yanayoleta demensia, kama presha, sukari, sigara, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, kukaa bila mazoezi, upweke na kukosa masomo. Walisema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu wagonjwa 45 kati ya 100 wangeepuka ugonjwa au ungechelewa. Dawa ya kuiponya Alzheimer bado haijapatikana, kwa hiyo kinga ndiyo mali yetu.

3. Mkono wa kupiga dawa uvae glavu. Fuateni upepo, ogeni kwa sabuni mkimaliza, na nguo za dawa zifuliwe mbali na za watoto. Chupa ya dawa isitumiwe kuwekea maji au mafuta ya taa.

4. Jikoni kuwe na dirisha, au jiko lenye bomba la kutoa moshi. Kikundi kinachojua kujenga tangi kinaweza kujenga jiko.

5. Jinsi ya kuishi na mgonjwa. Msibishane naye. Akisema "nataka kwenda kwa mama," na mamake alifariki zamani, msimwambie "umerukwa na akili." Mwulize, "Mama yako alikuwa akipika nini?" Atatulia. Mwacheni afanye anachoweza, kama kuchambua maharagwe au kulisha kuku. Fichani panga na kiberiti. Mwekeni jina na namba ya simu ya nyumbani mfukoni. Anayemeza levodopa aimeze nusu saa kabla ya kula, kwa maana nyama na maharagwe huipunguza nguvu.

6. Gawaneni zamu. Watoto wa kiume wa mgonjwa nao wawe na siku zao. Kumwosha baba si kazi ya mkaza mwana peke yake, na mara nyingi hata baba mwenyewe huona haya. Kikundi kiweke zamu ya nusu siku kila wiki, mwanachama mmoja akae na mgonjwa ili mtunzaji aende sokoni, alale, au aje mkutanoni.

7. Andikeni katika sheria za kikundi kwamba mwenye mgonjwa wa muda mrefu hapigwi faini, na mchango wake unaweza kungojwa. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ulizeni kwa chifu au msaidizi wake juu ya usajili, na muhakikishe pesa hizo zinamfikia mzee mwenyewe.

8. Msichana arudi shuleni. Hili haliwezi kungoja. Ile hadithi ya boma la kwanza isirudiwe kwa kizazi cha tatu.

MASWALI YA MKUTANO WA PILI

1. Katika boma la kwanza, baba watoto alisema, "Vumilia." Angeweza kufanya nini badala yake? Wanaume wajibu kwanza.

2. Kijijini kwetu mzee akianza kusahau, watu husema nini akiwa mwanamume, na husema nini akiwa mwanamke? Kwa nini maneno si sawa?

3. Je, kuna mwanachama tuliyemfuta au kumtoza faini kwa sababu alikuwa akitunza mgonjwa? Tunaweza kumrudishaje?

4. Ni watoto wangapi hapa kwetu wamekosa shule muhula huu kwa sababu ya mgonjwa nyumbani?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, wanachama wawili wawili, mwanamume na mwanamke, watembelee nyumba moja yenye mzee mgonjwa. Msiende kuangalia tu. Mmoja akae na mgonjwa, mwingine amsaidie mtunzaji kazi aliyo nayo siku hiyo, iwe ni kufua au kupasua kuni. Na tunaomba yule mwanamume ndiye afue. Mkirudi, mwelezane mlichoona.

Siku ya Alzheimer duniani ni tarehe 21 Septemba, na ya Parkinson ni tarehe 11 Aprili. Mnaweza kuchagua mojawapo mkaalika muuguzi wa zahanati aje aongee na kijiji kizima.

Tutapita kwenu tena. Tukifika, tutauliza juu ya mbuzi na tangi kama kawaida. Halafu tutauliza kama yule msichana amerudi darasani, na ni nani aliyemlinda nyanya siku hiyo.